MFUMO MGENI KATIKA MASHINE ILE ILE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makarani, wapiga chapa na watunza ghala wa tawi letu katika darasa la Jumamosi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Halmashauri ya Tawi imeniomba nizungumze juu ya shauri linalowasumbua wengi wetu. Mtu amefanya kazi na kompyuta ya aina moja kwa miaka kumi au ishirini, ameizoea kama njia ya kwenda nyumbani kwake, halafu asubuhi moja anaambiwa kwamba mfumo umebadilishwa. Meza ni ile ile, mashine ni ile ile, kazi ni ile ile, lakini akiiwasha haitambui. Nitasema kwanza kwa nini mabadiliko haya yanakuja, kisha namna ya kujifunza mfumo mgeni, na mwisho nitasema juu ya haki zetu. Mambo haya matatu hayatengani, kama mtakavyoona.

KWA NINI MABADILIKO YANAKUJA

Kompyuta yenyewe ni chuma na umeme tu. Kinachoifanya ikusikilize ni mfumo wa kuiendesha, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe. Ndiyo inayopokea amri zako kutoka kibodi na mausi, ndiyo inayotunza mafaili, ndiyo inayopeleka kazi kwenye printa. Programu nyingine zote, za barua, za hesabu na za mishahara, husimama juu yake.

Ofisi nyingi za Kenya zimetumia mfumo wa Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilitolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuwapa makampuni viraka vyake vya usalama bila malipo. Mashine haikuzimika siku ile, lakini tangu siku ile kila tundu jipya linalogunduliwa na wezi wa mitandao hubaki wazi kwa ofisi isiyolipia.

Mtasema, basi tuweke Windows 11. Lakini Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inataka mashine yenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haizikubali. Na ninyi mnajua kompyuta za ofisi zetu. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo.

Basi mwajiri ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua mashine mpya. Ya pili ni kulipia viraka. Bei iliyotangazwa kwa makampuni ilikuwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka mara mbili kila mwaka, hadi mwaka wa tatu unaokwisha Oktoba 2028. Pigeni hesabu: 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa mashine moja. Ofisi yenye mashine 40 italipa dola 17,080, na mwisho wa miaka hiyo mashine ni zile zile kuukuu. Njia ya tatu ni kuacha Windows na kuweka mfumo mwingine usiolipiwa, nao ni Linux. Baadhi ya waajiri wameichagua njia hii, na wengine watafuata. Kwa hiyo leo nitazungumza hasa juu ya Linux.

LINUX NI NINI

Linux haikuanzishwa na kampuni. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Alitengeneza na wenzake vifaa vingi, lakini kiini chake kilikawia. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika kiini. Vitu hivyo viwili vikaunganishwa, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wakaongeza kazi yao. Sisi watu wa vyama tunaelewa habari ya namna hiyo bila kufundishwa sana.

Linux huja katika sura nyingi. Sura moja iitwayo Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno hilo ni la lugha za kusini, na ni ndugu wa neno letu "utu". Sura nyingine, Linux Mint, ilianza mwaka 2006. Hiyo hupendwa na waliotoka Windows, kwa kuwa menyu yake iko chini upande wa kushoto na saa iko chini upande wa kulia, pale pale macho yetu yalipozoea kutazama.

Tena msidhani kwamba hamjapata kuitumia. Simu za Android zina kiini cha Linux ndani yake. Karani anayesema kwamba Linux ni ya mafundi tu, huku amepokea pesa kwa simu ya Android asubuhi ile ile, amekwisha kuitumia bila kujua jina lake.

KWA NINI MZOEFU HUSUMBUKA KULIKO MGENI

Jambo hili lazima tulieleze waziwazi, maana limewavunja moyo watu wazuri. Mkiweka kijana asiyejua kompyuta yoyote mbele ya mfumo mpya, na karibu naye mkaweka karani wa miaka ishirini, mara nyingi kijana atatangulia katika wiki ya kwanza. Wasimamizi wengine wakiona hivyo husema, "Mzee huyu amechoka."

Si kweli. Wazee walisema mzoea punda hapandi farasi, na sababu yake si kwamba hana akili. Miguu yake inajua urefu wa punda. Karani mzoefu hafikiri tena anapohifadhi faili. Mkono huenda wenyewe. Mfumo ukibadilika, mkono unakwenda mahali ambapo kitu hakipo. Hapo hana budi kufanya kazi mbili, ya kwanza kusahau njia ya zamani, na ya pili kujifunza mpya. Kijana anafanya moja tu.

Lakini tazameni baada ya miezi mitatu. Kijana anajua mahali pa kubonyeza. Mzoefu naye amekwisha kujua mahali pa kubonyeza, na juu ya hayo anajua kwamba orodha ya mishahara isiyolingana na daftari la makato haiwezi kutiwa sahihi, hata mashine ikisema kwamba iko sawa. Ujuzi wa kazi haukukaa ndani ya Windows. Umekaa ndani yako, nao unahama pamoja nawe.

YALE YASIYOBADILIKA

Anzeni na yale mnayoyajua. Ctrl na C bado hunakili, Ctrl na V hubandika, Ctrl na Z hurudisha nyuma, Ctrl na S huhifadhi, Ctrl na P huchapa. Dirisha bado hufungwa, hupanuliwa na kushushwa. Firefox na Chrome ni zile zile, kwa hiyo kazi yote inayofanywa katika intaneti, kama barua pepe na huduma za serkali, haibadiliki hata kidogo.

Kwa barua na hesabu mtapewa LibreOffice badala ya Microsoft Office. Programu hii ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice. Hiyo OpenOffice imepata hata kusema lugha yetu, maana mwaka 2004 mradi wa Dar es Salaam uitwao Kilinux ulitoa toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, na kanuni za hesabu kama SUM, IF na VLOOKUP huandikwa vile vile.

YALE YANAYOBADILIKA

Sasa nitataja mambo yanayowakwaza watu wetu mara nyingi. Yaandikeni.

La kwanza, hakuna C wala D. Katika Windows kila chombo cha kutunzia kina herufi yake. Katika Linux kila kitu kimo ndani ya mti mmoja wenye shina moja, linaloandikwa kwa mkwaju mmoja tu, /. Nyumba yako imo katika tawi liitwalo home, na ndani yake mna folda yenye jina lako. Ukichomeka flashi, haipati herufi. Inajitokeza kama tawi jipya pembeni mwa dirisha la mafaili. Mtu akitafuta "D" siku nzima hataiona. Na mkwaju wenyewe unalala upande mwingine, kama ule wa anwani za intaneti.

La pili, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Kwa Windows, Barua na barua ni faili moja. Kwa Linux ni mbili, na zinaweza kukaa pamoja katika folda moja bila kugombana. Hatari iko hapa: karani mmoja anahifadhi "Mishahara Machi", mwingine anahifadhi "mishahara machi", na mwisho wa mwezi hakuna ajuaye lipi ni la kweli. Patanisheni namna moja ya kuandika majina ya mafaili ofisini kabla ya siku ya kwanza. Tena msitie alama ya nukta pacha wala ya kuuliza katika jina. Linux itakubali, lakini faili hilo likipelekwa kwenye mashine ya Windows litaleta taabu.

La tatu, programu hazichukuliwi ovyo katika intaneti. Tulizoea kutafuta programu, kuishusha, na kubonyeza mara mbili. Katika Linux kuna ghala moja linalotunzwa na wenye mfumo, nawe unachagua humo kama unavyochagua programu katika simu. Mashine itakuuliza neno la siri kabla ya kuweka kitu. Hiyo ni kama ghala halisi, ambapo mtunzaji hatoi mali bila sahihi.

La nne, neno la siri lisiloonekana. Kuna dirisha jeusi liitwalo terminali, ambapo amri huandikwa kwa maneno. Karani wa kawaida hana haja nalo sana. Lakini ukiombwa neno la siri humo, huenda utaandika na hakuna kitu kitakachotokea, hata nyota. Wengi hudhani kibodi imekufa. Haijafa, andika mpaka mwisho, kisha bonyeza Enter. Humo pia Ctrl na C hakunakili, bali husimamisha kazi inayoendelea. Kunakili ni Ctrl, Shift na C. Na faili lililofutwa kwa amri ya rm haliendi kwenye pipa la taka. Limekwenda moja kwa moja.

La tano, gurudumu la mausi. Katika Linux nyingi, ukichagua maneno kwa mausi, kisha ukabonyeza lile gurudumu la katikati, maneno yale hujibandika pale ulipo. Ni jambo la msaada kwa anayelijua. Kwa asiyelijua, maneno ya barua moja yanaonekana ghafla katikati ya barua nyingine, naye anadhani kuna uchawi. Ikiwa kidole chako ni kizito juu ya gurudumu, soma barua yako mara ya pili kabla ya kuichapa.

La sita, sura ya herufi. Barua iliyoandikwa kwa Times New Roman au Calibri katika Word inaweza kuonekana imesogea, maana aina hizo za herufi ni mali ya wenyewe na huenda hazimo. Linux huweka herufi nyingine zenye upana ule ule: Liberation Serif badala ya Times New Roman, Liberation Sans badala ya Arial, Carlito badala ya Calibri. Mwambieni fundi ahakikishe kwamba zote zimo. Na barua ambayo mpokeaji hana haja ya kuibadilisha, mpelekeeni kama PDF, nayo haitasogea.

La saba, tarehe. Hili ni dogo kwa macho na kubwa kwa mfuko. Mfumo ukiwekwa kwa desturi ya Marekani, 03/04 ni tarehe 4 Machi, wala si tarehe 3 Aprili. Karani wa mishahara na karani wa likizo sharti wahakikishe siku ya kwanza kabisa kwamba mashine imepangwa kutanguliza siku kabla ya mwezi.

La nane, saa. Waajiri wengine huweka mifumo miwili ndani ya mashine moja, ili mtu achague anapoiwasha. Sasa Windows huhesabu kwamba saa ya ndani ya mashine ni saa ya hapa. Linux huhesabu kwamba saa ile ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mifumo hii ikikosa kupatana, utatoka Linux na kuingia Windows, nawe utakuta saa imerudi nyuma saa tatu. Anayeandika saa ya kupokea barua au ya kufika wafanyakazi ataandika uongo bila kukusudia, na uongo huo unaweza kumkata mtu mshahara. Fundi anaweza kuondoa kosa hili kwa dakika moja, akiambiwa.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Sasa nitawapa shauri langu juu ya kujifunza, nalo ni hatua tano.

Hatua ya kwanza, jaribuni bila kuweka. Ubuntu na Linux Mint zinaweza kuwekwa ndani ya flashi na kuendeshwa kutoka humo, bila kugusa kilichomo katika mashine. Ukichomoa flashi na kuiwasha upya, Windows yako iko vile vile. Hakuna sababu ya mtu kuuona mfumo mpya mara ya kwanza siku ile anapodaiwa kazi.

Hatua ya pili, badilisheni programu kabla ya mfumo. LibreOffice na Firefox zinafanya kazi hata juu ya Windows. Ofisi ikizitumia kwa miezi kadhaa juu ya Windows, siku mfumo utakapobadilishwa chini yake mtu ataona kwamba vyombo vyake ni vile vile.

Hatua ya tatu, orodhesheni kazi zenu, wala msiorodheshe programu. Chukueni karatasi, kwa wiki moja kila mtu aandike afanyayo: kuandika barua, kuchapa bahasha, kufanya jumla ya overtaimu, kupeleka orodha benki. Kisha jaribuni kila moja katika mfumo mpya, mkiweka alama. Yale yasiyofanyika yataonekana mapema. Hapa sharti niseme kweli: yapo. Programu nyingi za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows haziendeshwi na Linux. Majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake, mara nyingi hukataa au hufanya nusu. Printa nyingine na mashine za kupiga picha za karatasi hutaka kutafutiwa fundi. Mwenye kazi hizo aachiwe Windows mpaka njia ipatikane.

Hatua ya nne, jifunzeni wawili wawili. Mzoefu na kijana wakae mashine moja. Mmoja anajua kazi, mwingine anajua mausi. Asione haya mzee kuuliza, wala kijana asicheke. Kuuliza si ujinga.

Hatua ya tano, kila mtu awe na daftari dogo. Ukipata jibu la jambo lililokusumbua, liandike kwa maneno yako mwenyewe. Mwisho wa mwezi madaftari yakusanywe, nasi tutayapiga chapa katika gazeti hili.

MAFUNZO KUTOKA KWA WENGINE

Msidhani sisi ni wa kwanza. Baraza la mji wa Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuacha Windows. Kazi ile ilichukua miaka kumi, na ilipotangazwa kumalizika mwaka 2013 mashine zaidi ya 14,000 zilikuwa zikitumia Linux. Lakini mwaka 2017 baraza liliamua kurudi Windows. Wengine walisema mafaili yalikuwa yakisumbua yakipelekwa kwa watu wa nje. Wengine walisema kosa halikuwa la Linux, bali la mpango mbaya wa kutunza mashine. Hapa tunaona kwamba mfumo wa bure bado unahitaji watu wa kuuangalia, na watu hao sharti walipwe. Mwajiri akisema, "Linux ni bure, kwa hiyo hakuna gharama," mwulizeni: mafunzo ni ya nani, na fundi ni nani?

Mfano mwingine ni askari wa Gendarmerie wa Ufaransa. Hao walianza na OpenOffice mwaka 2005, kisha wakaweka Firefox na programu ya barua pepe, na ndipo mwaka 2008 wakaanza kuweka Ubuntu. Waliendelea kidogo kidogo, na makumi ya maelfu ya mashine zao zikahamishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

HAKI ZETU

Ndugu wanachama, sasa nafika pale ambapo chama kinahusika.

Mwenzetu mmoja, karani wa mishahara kwa miaka 19, aliondoka kazini Ijumaa akiwa na Windows. Jumatatu alikuta Linux. Hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemfundisha. Orodha ya mishahara ilichelewa siku mbili. Siku ya tatu alipewa barua ya onyo kwa "uzembe". Kampuni yenyewe sitaitaja, maana shauri lilikwisha. Mwakilishi wetu aliuliza swali moja tu: ni saa ngapi za mafunzo alizopewa mfanyakazi huyu? Jibu lilikuwa hakuna hata moja. Barua ile iliondolewa katika faili lake, na makarani wote wa ofisi ile wakapewa mafunzo.

Lakini si kila barua itaondolewa kwa swali moja, kwa hiyo lazima tuijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utendaji mbaya, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pale. Msiende peke yenu katika chumba kile.

Kifungu cha 40 chahusu kupunguzwa kazi. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, mwajiri sharti akijulishe chama na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi. Malipo ya kuachishwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Sasa sikilizeni vizuri. Katika kuchagua nani aondoke, sheria yamtaka mwajiri atazame miaka ya kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Miaka ya kazi inamlinda mzoefu. Lakini neno "ujuzi" laweza kugeuzwa kumpiga. Mwajiri asiyemfundisha mtu mfumo mpya leo, kesho anaweza kusema kwamba mtu huyo hana ujuzi. Kwa hiyo mafunzo si zawadi, ni ngao ya kazi yako.

Wala mwajiri asiseme kwamba hana njia. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Mwajiri aliyelipa anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyokubaliwa na mamlaka hiyo, kwa kufuata kanuni zake. Shilingi hizo hulipwa kwa hesabu ya vichwa vyetu. Ni haki tuulize zinatusaidia nini.

Halmashauri inapendekeza kwamba mambo yafuatayo yatiwe katika mapatano yetu na kila mwajiri:

1. Chama kijulishwe mapema kabla ya mfumo wa kompyuta kubadilishwa, na makarani waulizwe juu ya kazi zao.

2. Mafunzo yafanywe katika saa za kazi, kwa mshahara kamili. Mtu asijifunze kwa usiku wake na kwa bando lake.

3. Kuwe na miezi mitatu ya kuzoea, ambayo upole wa mkono hautahesabiwa kuwa kosa, wala hautatiwa katika ripoti ya mwaka.

4. Mashine moja yenye mfumo wa zamani ibaki katika kila ofisi kwa kazi ambazo mfumo mpya haujaziweza.

5. Awepo mtu maalum wa kuulizwa, na mfanyakazi akipewa kazi hiyo juu ya kazi yake, alipwe nyongeza.

Nasi kwa upande wetu tuna wajibu. Chama hakiwezi kumtetea mtu aliyefundishwa kisha akakunja mikono akisema, "Mimi ni wa Windows." Tukidai mafunzo, tuhudhurie. Tukidai miezi mitatu, tuitumie. Mashine hizi zitabadilika tena kabla hatujastaafu, na jina la mfumo utakaofuata hakuna alijuaye. Anayejua kuhama mara moja, mara ya pili hatishiki.

Fomu ya kuandika kazi zenu iko kwa katibu wa tawi. Kila ofisi ichukue moja, iijaze kwa wiki moja, na kuirudisha kabla ya mkutano wa mwezi ujao, ili wajumbe wetu waende mezani kwa mwajiri wakiwa na maneno yaliyoandikwa, si manung'uniko ya koridoni.

Umoja ni nguvu.